Mfagizi wa Meno

Koti la kwanza kuharibika lilipita bila mtu kulitilia shaka, kwa sababu halikuonekana limeharibika. Lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na juu ya mfuko wa kushoto lilikuwa limedariziwa kwa uzi wa buluu: MFAGIZI WA MENO. Mama wa Juu alilisoma, akakata uzi, akalitundika pamoja na mengine. La pili ndilo lililomfanya azime mashine. Hilo liliandikwa: MPISHII WA MENO.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akalisoma tena. Halafu akaita.

"Mkwe! Panda huku usome kazi yako."

Mkwe alikuwa chini ya ngazi, amepiga magoti, anabana waya ukutani kwa misumari midogo. Alipanda vipandio vyote kumi na saba huku akijifuta vumbi magotini, maana mtu hawezi kusimama mbele ya mama mkwe wake na magoti machafu hata kama amechafuka kwa kumtumikia.

"Soma."

"Nimesoma, mama."

"Umesoma kimoyomoyo. Soma nisikie."

"Mpishi wa meno, mama. Na I moja ya ziada."

"Huyo anapika nini?"

Sauti ikapanda kutoka chini kupitia tundu la sakafuni: "Mimi nimeandika MPISHI! Herufi sita! Asinisingizie mtu!"

"Hakuna aliyekusingizia, dada!" Mama wa Juu alijibu akilielekea tundu. "Bado!"

Mtaani waliitwa hivyo, Mama wa Juu na Mama wa Chini, na wateja wengi hawakujua majina mengine. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mkubwa alikaa kwenye kaunta ya chini, akipokea watu na kuandika oda. Mdogo alikaa ghorofani, akidarizi. Ngazi iliyowatenganisha hakuna aliyependa kuipanda, kwa hiyo miaka ishirini na miwili iliyopita walitoboa sakafu tundu la mraba na kupitishia humo kikapu cha kamba. Mama wa Chini aliandika oda kwenye kipande cha karatasi, akakitia kikapuni, akatikisa kamba mara mbili. Mama wa Juu akavuta. Kila karatasi ilikuwa na kisanduku kidogo kilichochorwa pembeni, na ndani ya kisanduku namba: idadi ya herufi. Kwa namba hiyo Mama wa Juu alijua azungushe uzi kiasi gani kabla ya kuanza, usije ukamwishia katikati ya neno.

Miezi miwili iliyopita mkwe, aliyemwoa binti pekee wa Mama wa Juu, aliacha kazi ya ofisini ili ajitegemee. Alitengeneza programu za kompyuta. Mteja wake wa kwanza akawa mama mkwe wake, jambo ambalo rafiki zake waliliita ujasiri na mke wake akaliita kitu kingine. Wiki hii aliweka kompyuta moja kwenye kaunta na nyingine kando ya mashine mpya ya kudarizi, akapitisha waya kwenye tundu lile lile la kikapu. Sasa Mama wa Chini aliandika, akabonyeza, na maneno yakawa juu kabla hajainua kidole. Kisanduku cha idadi ya herufi mkwe alikiondoa. Mashine mpya ilivuta uzi kutoka kwenye bunda kubwa lisiloisha kwa wiki nzima, kwa hiyo namba ile haikuwa na kazi. Mama wa Chini aliuliza mara moja kisanduku chake kimekwenda wapi. Aliambiwa hakihitajiki tena. Akasema "haya," kwa namna ambayo mtu mwenye masikio angeisikia.

Kikapu hakikuondolewa. Kilining'inia juu ya tundu, kitupu, kama mtumishi aliyesimamishwa kazi na bado anakuja asubuhi kukaa barazani.

Hospitali ya karibu ilikuwa inafungua jengo jipya siku ya Ijumaa, na ilileta makoti arobaini yadariziwe kazi ya kila mtu. Mama wa Juu alisema mbele ya ukoo mzima, Jumapili, wakati hakuna aliyeweza kudai baadaye kwamba hakusikia: "Makoti haya yakitoka sawa, nitawaambia watu wa hospitali kwa mdomo wangu kwamba nina fundi wa kompyuta. Yasipotoka sawa, kikapu kinarudi na wewe, bwana kompyuta, unarudi ofisini kwako." Neno fundi halikutolewa ovyo katika nyumba ile. Marehemu mumewe alishona nguo miaka thelathini na moja, na alipofariki alikuwa bado "anajifunza vizuri." Na mkwe hakuwa na ofisi ya kurudi; kiti chake kilikwishapata mtu mwingine.

Makoti yalikuwa arobaini, watu thelathini na wanane. Mawili ni ya akiba. Kitambaa kile hakikufumulika: uzi ukitolewa, matundu ya sindano yanabaki, na maneno yanasomeka vile vile, yamebadilika rangi tu.

"Hili la kwanza lilikuwaje?" mkwe aliuliza, akiligeuza koti la mfagizi. "Hukuona, mama?"

"Niliona. Nilidhani ndivyo wanavyoitwa. Siku hizi kila kazi imepewa jina refu." Akaketi. "Akiba imekwisha. Likiharibika la tatu, kuna mtu Ijumaa atasimama mbele ya wageni na shati la nyumbani. Kwa hiyo sikiliza. La tatu ni kikapu."

"Nimesikia, mama."

"Nami nimesikia!" ikasema sakafu.

*

Mkwe alikuwa mtu wa ushahidi. Aliamini kwamba kompyuta haina kinyongo wala mkosi, na kwamba kila kosa lina mahali linapokaa. Tatizo ni kwamba mahali palikuwa pawili tu, juu na chini, na kila mahali palikuwa na mama.

"Anayeandika ni yeye," alisema Mama wa Juu.

"Anayeshona ni yeye," alisema Mama wa Chini, mkwe aliposhuka kuangalia. "Tazama mwenyewe, baba. Hiyo hapo. Soma."

Kwenye kompyuta ya kaunta kila oda iliyotumwa ilibaki imeandikwa. MUUGUZI mara kumi na nne. MUUGUZI MKUU mara mbili. DAKTARI WA MENO mara tatu. MFAGIZI. MPISHI. Hakuna mfagizi wa meno, hakuna mpishi wa meno. Mama wa Chini hakuwa na hatia, na mkwe alilazimika kulisema hilo kwa sauti ya kutosha kusikika chini bila kusikika juu.

"Sema kwa nguvu," alisema Mama wa Chini. "Tundu liko pale."

"Mama mkubwa hana kosa," alisema mkwe.

"Kwa hiyo kosa ni langu?" liliuliza tundu.

"Hapana, mama. Ni la katikati."

Katikati hapakuwa na mtu, na hilo lilikuwa jambo la kushukuru. Palikuwa na waya, na mwisho wa waya palikuwa na programu yake ya kupokea. Mkwe alikaa kwenye kipandio cha tisa, mahali ambapo hakuna mama aliyeweza kumwona vizuri, akafikiri. WA MENO ilitumwa mara tatu na ikashonwa mara tano. Basi kuna data inayojirudia. Labda waya unatuma kitu mara mbili. Labda programu inapokea kitu mara mbili. Saa zilikuwa zinakwenda, makoti kumi na tisa yalikuwa yanangoja, na hapo mkwe akafanya kosa ambalo alijua ni kosa tangu siku zake za kwanza za kazi: badala ya kutafuta marudio yanatoka wapi, aliandika kanuni za kuyafuta.

Kanuni zilikuwa mbili. Ya kwanza: maneno yaliyomaliza oda iliyopita yakitokea tena mwishoni mwa oda inayofuata, yaondolewe. Ya pili: kipande cha herufi kikifuatwa papo hapo na kipande kile kile, cha pili kiondoke. Alijaribu kwenye skrini. MFAGIZI WA MENO ikawa MFAGIZI. MPISHII WA MENO ikawa MPISHI. Alizima kila kitu, akawasha upya ili aanze na mwanzo safi, akaenda nyumbani akala vizuri.

*

Alhamisi saa mbili asubuhi, kabla makoti hayajaguswa, aliingia na taulo tano mama mmoja aliyehamia nyumba mpya. Alitaka kila mtu wa nyumbani awe na yake, maana alisema amechoka na ugomvi wa bafuni. Mama wa Chini aliandika oda tano, akabonyeza mara tano. Juu mashine ikashona mara tano bila kusita. Taulo zikashuka mkononi mwa mkwe mwenyewe, ambaye hakuzisoma, kwa sababu alikuwa anajiamini.

Mama wa Chini alizikunjua moja moja juu ya kaunta mbele ya mteja. BA. MA. KA. DA. BI.

Mteja aliziangalia kwa muda. "Hii ni lugha gani?" aliuliza.

"Niliandika BABA, MAMA, KAKA, DADA, BIBI," alisema Mama wa Chini, polepole, kama anayetoa maelezo polisi. Kisha akageuka. "Mkwe. Umeukata ukoo mzima nusu."

Kutoka juu kikasikika kitu ambacho mkwe hakuwahi kukisikia tangu aoe katika familia ile: Mama wa Juu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka mashine ikatetemeka.

"Lete hizo taulo," alisema. "Nitawaongezea nusu zao kwa mkono. Halafu panda na wewe."

Mteja alikubali kungoja. Aliomba tu BIBI amaliziwe kwanza, kwa kuwa huyo ndiye mwenye hasira.

Mkwe alipanda akiwa tayari kwa matusi. Hakupata. Mama wa Juu alikuwa ameinama juu ya taulo, anadarizi kwa sindano ya mkono, na alizungumza bila kuinua kichwa.

"Hukutengeneza kitu. Ulificha."

"Ndiyo, mama."

"Na hizo taulo zimetuokoa. Ungeanza na makoti, MKUU angekuwa MKU na STOO ingekuwa STO. Nimekaa hapa nikafikiri." Alikata uzi kwa meno. "Sasa niambie. Kabla hujaleta kitu hiki hapa, ulikijaribu?"

"Miezi miwili, mama. Mara mia kadhaa."

"Uliandika nini?"

"JARIBIO."

"Na mara ya pili?"

"JARIBIO."

"Na ya mia?"

Mkwe alitazama makoti yaliyotundikwa ukutani kwa mpangilio wa kushonwa. Mara mia kadhaa alituma neno moja lenye herufi saba juu ya neno lile lile lenye herufi saba. Aliyatazama tena makoti kuanzia la kwanza, na mara hii hakuyasoma; aliyapima. MUUGUZI, herufi saba. MUUGUZI MKUU, ndefu zaidi. DAKTARI WA MENO, ndefu kuliko zote. Kazi ilikuwa imekwenda ikirefuka siku nzima bila dosari. Ilipofika MFAGIZI, kwa mara ya kwanza ikafupika.

"Mama," alisema, "naomba karatasi."

Aliondoa kwanza zile kanuni zake mbili. Kisha akaandika kitu kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka chini ya mkasi wa Mama wa Juu. Akaliinamia tundu.

"Mama mkubwa! Tuma MSAIDIZI WA MAABARA. Halafu tuma MLINZI. Tunashona kwenye kitambaa cha majaribio tu!"

"Nimekwishatuma!" ilijibu sakafu, maana Mama wa Chini alichapa haraka alipokuwa na hamu ya kuona mtu akiumbuka.

Mashine ilishona MSAIDIZI WA MAABARA bila kasoro. Kisha ikashona ya pili. Mama wa Juu aliinua kitambaa: MLINZIZI WA MAABARA.

"Sasa fungua karatasi," alisema mkwe.

Karatasi ilikuwa na maneno hayo hayo, pamoja na ZI ya ziada.

Mama wa Juu aliyatazama maandishi, akakitazama kitambaa, akamtazama mkwe wake kwa jicho ambalo halikuwa la dharau. Kujua jambo ni kitu kimoja. Kujua kosa litatokea vipi, herufi kwa herufi, kabla halijatokea, hilo alikuwa anaweza yeye tu, kwa uzi.

"Nieleze," alisema.

Mkwe alichukua trei ya vifungo iliyokuwa mezani, ile yenye vishimo mstari mmoja, akaimwaga. "Herufi zinapofika kutoka kwenye waya, mama, programu yangu inazipanga kwenye trei kama hii, kila herufi na kishimo chake. Mashine inaanza kushona mwanzoni mwa trei mpaka ikutane na kishimo kitupu." Akapanga vifungo vyeusi kumi na tisa. "Hii ni MSAIDIZI WA MAABARA, pamoja na nafasi zake. Ikishashonwa, vifungo vinabaki hapo hapo. Sikuvimwaga. Inafika MLINZI, herufi sita." Akabadilisha vifungo sita vya mwanzo kwa vyeupe. "Mashine inaanza hapa. Inakwenda..."

"Inapitiliza," alisema Mama wa Juu. Kidole chake kilitembea juu ya vyeupe sita kisha kikaendelea kwenye vyeusi. "Haina habari kwamba mlinzi amekwisha."

"Haina habari."

"Kwa hiyo data haikuja mara mbili."

"Ilikuja mara moja, mama. Ikabaki."

Sasa vikasikika vishindo, vizito, vya mtu anayehesabu vipandio ili aje kuvilalamikia. Mama wa Chini hakuwa amepanda ngazi ile tangu mwaka uliopita. Alitokeza juu akihema, mkononi ana kopo la biskuti lililojaa vikaratasi vya oda za zamani. Akalimimina mezani, juu ya vifungo.

"Angalia," alimwambia mkwe. "Pembeni. Kila karatasi. Kuna nini?"

Kulikuwa na kisanduku, na ndani yake namba.

"Huyu," alisema, akimnyooshea mdogo wake kidole, "miaka ishirini na miwili hajawahi kupitiliza. Kwa sababu mimi nilikuwa namwambia pa kuishia. Wewe ukaja, ukasema hakihitajiki."

Mkwe aliona aibu ya kweli, ile ya kitaalamu, ambayo huingia ndani kuliko ya kawaida. Njia ya kupokea ujumbe kwenye soketi, yaani mlango wa data kati ya kompyuta mbili, ile ambayo mwalimu wake wa chuo aliirudia muhula mzima, ni kwamba anayetuma atangulize idadi na anayepokea asome idadi hiyo tu. Aliikuta njia hiyo ikifanya kazi, kwa kalamu ya risasi, kwenye kikapu. Akaitupa.

"Mama mkubwa," alisema, "nimekosa."

"Najua. Kirudishe."

*

Kisanduku kilirudi ndani ya nusu saa. Mkwe alitaka kompyuta ijihesabie yenyewe, kwa kuwa kompyuta haikosei kuhesabu. Mama wa Chini alisema hapana. Aliajiriwa na marehemu mama yao kuhesabu herufi na ataendelea kuhesabu herufi. Atahesabu kwenye orodha ya hospitali kabla ya kuchapa, ataandika namba kwenye kisanduku chake, na namba hiyo ndiyo itakayopanda kwanza. Mkwe hakubishana. Aliomba jambo moja tu.

"Herufi tu, mama mkubwa. Nafasi kati ya maneno usihesabu. Nafasi si herufi."

Mama wa Chini alimtazama kwa utulivu. "Nisihesabu?"

"Usihesabu."

"Haya."

Safari hii mkwe aliisikia ile "haya," lakini alikuwa amechelewa. Mama wa Chini alishuka, akahesabu kama alivyoelekezwa, akaandika kumi na tatu, akatuma. Kitambaa cha majaribio kikatoka kimeandikwa: DAKTARI WA ME.

"Nafasi inahesabiwa!" ilisema sakafu, kabla mtu hajaisomea matokeo. "Sindano inaruka, na kuruka nako ni kazi!"

Mama wa Juu alikuwa ameziba mdomo kwa taulo ya BIBI. Mkwe alihesabu kwa vidole, pamoja na nafasi mbili. Kumi na tano.

"Inahesabiwa, mama mkubwa," alisema.

Walishona MSAIDIZI WA MAABARA na MLINZI tena kwenye kitambaa, ndefu halafu fupi. Mlinzi akatoka mlinzi. Wakajaribu kinyume, wakajaribu neno la herufi mbili baada ya neno la ishirini na tano. Mkwe aliandika matokeo yote kwenye karatasi na kuyatia sahihi, ingawa hakuna aliyemwomba. Saa tano kamili Mama wa Juu alifunga koti la kwanza la kweli kwenye fremu.

Kila koti lilichukua dakika kumi na mbili. Walinzi sita walipita. Wapishi wanne wakapita, bila meno. Wafagizi wanne, madereva wawili, msaidizi wa maabara, mganga mkuu. Saa tisa kasorobo yalikuwa yamebaki mambo mawili: koti moja, na mwenye koti hilo, ambaye alikuwa ameingia mlangoni.

Alikuwa mtunza stoo wa hospitali, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, aliyekuja kuchukua mzigo saa moja na nusu kabla ya wakati kwa sababu hakumwamini mtu yeyote na wakati wowote. Alijiegemeza kwenye kaunta.

"Langu tayari?"

"Ndilo naliandika," alisema Mama wa Chini. Alihesabu kwenye orodha kwa ncha ya kalamu, akaandika kumi na moja.

"Isije ikawa kama mwaka juzi. Kule kwingine waliniandikia MTUNZA SOTO. Nimelivaa mwaka mzima. Wagonjwa wananiuliza Soto ni nani, na kwa nini anahitaji kutunzwa."

"Hapa si kule kwingine, kaka. Unaniongelesha wakati naandika."

"Sikuongeleshi, nakukumbusha tu."

Alibonyeza. Juu, koti la arobaini lilikuwa kwenye fremu, limekazwa. Sindano ilishuka nusu, ikasimama. Haikushona.

Mama wa Juu alimtazama mkwe. Mkwe aliitazama skrini. Programu haikutoa kosa lolote. Ilikuwa imetulia kabisa, kama mtu kwenye foleni. Chini ya maandishi kulikuwa na vitufe viwili alivyoviweka mwenyewe: FUTA, na SHONA HIVYO HIVYO.

"Imekufa?" aliuliza Mama wa Juu.

"Sijui bado, mama."

"Mwenyewe yuko chini. Bonyeza ishone."

Kidole cha mkwe kilikuwa juu ya kitufe. Koti lilikuwa la mwisho, mwenyewe alikuwa amefika, na programu iliyosimama bila sababu mbele ya mteja ni aibu kuliko programu inayokosea. Lakini sababu lazima iwepo. Aliondoa kidole, akasoma.

"Haijafa," alisema. "Inangoja. Imeambiwa herufi kumi na moja. Zimefika kumi."

"Inangoja herufi moja?"

"Inangoja herufi moja."

Mama wa Juu aliweka mikono magotini, akaliinamia tundu. Alizungumza kwa upole wa mtu aliyeisubiri nafasi hii miaka ishirini na miwili.

"Dada! Umebaki na herufi yetu moja huko!"

"Mimi?" Kisha sauti ya kiti kikisogezwa, na sauti ya mtu anayesoma kwa kunong'ona. MTUNZA STO. "Huyu hapa ananiongelesha! Anataja masoto yake wakati mtu anaandika!"

"Mimi nimekukumbusha tu," ilisikika sauti ya mtunza stoo.

Mkwe alibonyeza FUTA. Akahakikisha trei imemwagwa, vishimo vyote vitupu. Ujumbe ukapanda tena, na kumi na moja yake mbele. Sindano ikashuka, na dakika kumi na mbili baadaye Mama wa Juu akakata uzi: MTUNZA STOO, O zote mbili.

Hapo ndipo mkwe alipoielewa sawasawa ile "haya" ya kwanza. Kompyuta ingejihesabia, ingehesabu kumi bila kukosea, na ingeshona STO kwa uaminifu mkubwa.

Mtunza stoo alipanda mwenyewe kuhesabu makoti. Aliyahesabu mara mbili, akasoma kila moja, akafika kwenye mawili yaliyotundikwa peke yake pembeni.

"Na haya?"

"Hayo yameharibika," alisema Mama wa Juu. "Ni ile akiba yenu. Sikufichi."

Mtunza stoo alishika koti la MPISHII WA MENO, akalisogeza mbali na macho. "Hili nalichukua. Mpishi wetu wa zamu ya asubuhi ameibiwa makoti manne mwaka huu. Hili hakuna wa kuliiba." Akalikunja. Akalitazama la pili, akalirudisha kwenye msumari. "Hilo bakini nalo. Daktari wa meno hana masihara." Kisha akaonyesha mashine kwa kalamu. "Hii ilikataa kushona, nimesikia. Ilijuaje? Stoo kwetu nina kompyuta mbili, ukiandika bandeji mara moja zinafika mara mbili. Nani anashughulika na mambo haya?"

Mama wa Juu alikuwa anapanga bobini za uzi, hakugeuka.

"Muulize fundi," alisema. "Huyo hapo."

Mkwe aliangalia nyuma yake. Hapakuwa na mtu mwingine.

Walipokwisha kukubaliana siku ya kwenda stoo na mzigo kushushwa, Mama wa Juu alipanda juu ya kigoda, akakitoa kikapu kwenye ndoano yake, akakipiga vumbi, akaanza kukijaza mabunda ya uzi. Halafu akachukua lile koti msumarini na kumtupia mkwe.

"Vaa. Huwezi kwenda hospitali na shati hilo."

"Lakini, mama, limeandikwa..."

"Nimesoma. Nani aliyezifagia hizo WA MENO kwenye trei? Mimi?"

Alilivaa. Mikono ilikuwa mifupi kwa vidole viwili. Kutoka chini sauti ikapanda, ya mtu mwenye mteja mbele yake na kalamu mkononi:

"Fundi! Ukiandika jina na kistari katikati, kistari kinahesabiwa?"

Mkwe alifikiri kabla ya kujibu.

"Sindano inakishona, mama mkubwa?"

"Inakishona."

"Basi hesabu."